Binti yangu anaandika, na kila filamu ya mwandishi ina chupa mezani

"Mimi ni mama wa binti wa miaka 16. Tangu akiwa mdogo anaandika: mashairi, hadithi, na sasa ameanza kitu anachokiita riwaya. Siku yake ya kuzaliwa inakaribia, nikaona nimpe mkusanyiko wa filamu na tamthilia za runinga zinazohusu waandishi, kwa diski, ziwe zake na azitazame hata mtandao ukikatika. Nimeshanunua chache na ninazitazama mwenyewe usiku kabla ya kumpa. Sasa nimeingiwa na hofu. Karibu kila mwandishi ninayemwona analewa, anaumwa akili, anatesa watu wa nyumbani au anajiua. Je, ndivyo maisha ya uandishi yalivyo, au ndivyo filamu zinavyotaka? Nimpe au nizifiche? Halafu kuna mambo ya diski zenyewe. Moja deki imeikataa kabisa, inasema kanda si sahihi. Nyingine jalada lake linasema dakika 118 wakati kila ninaposoma kuhusu filamu hiyo naambiwa ni 123, wamekata nini? Na mwalimu wake ameomba nimwazime moja aionyeshe kwenye klabu ya uandishi shuleni. Naomba unielekeze, hasa ninunue zipi."

Mama, hofu yako ina msingi, na nitaijibu kwanza kabla ya kugusa habari za diski, maana hizo zina dawa rahisi. Ulichokiona kwenye filamu hizo kweli kimo. Ninachotaka kukirekebisha ni hitimisho, kwamba kwa kuwa chupa imo karibu kila filamu, basi imo pia karibu kila nyumba ya mwandishi. Filamu ina sababu zake za kuiweka chupa pale, na sababu hizo zinahusu kamera zaidi kuliko uandishi.

Fikiria kazi yenyewe. Mtu anayeandika amekaa. Anatazama ukuta, anaandika sentensi, anaifuta, anaandika nyingine, anainuka kunywa maji, anarudi. Akipata ukurasa mmoja mzuri, siku imekuwa njema. Mambo yote makubwa yametokea kichwani, na kamera haiingii kichwani. Filamu ikimhusu mchoraji tunaona rangi ikitua kwenye turubai. Ikimhusu mwanamuziki tunamsikia. Bondia tunamwona akianguka na kuinuka. Mwandishi anatupa mgongo uliopinda na mkono unaosogea. Mwongozaji ana saa mbili za kujaza, hivyo hutafuta kitu kingine kinachoonekana, akakikalisha mahali pa uandishi. Mara nyingi kitu hicho ni mapenzi, au ugonjwa, au pombe, au kesi, au mauaji. Ukishalijua hilo una swali moja la kuuliza kila unapofungua kasha: hapa wameweka nini mahali pa uandishi? Jibu ndilo litakalokuambia kama diski hiyo imfikie binti yako sasa, baadaye, au ikae kabatini kwako.

Shakespeare in Love (1998) wameweka mapenzi. Filamu ile ilichukua Oscar saba na inapendeza kweli, lakini Viola, msichana anayemfanya Shakespeare aandike, ni wa kubuni. Iris (2001) wameweka ugonjwa. Iris Murdoch aliandika riwaya 26, lakini filamu, iliyotokana na kumbukumbu za mumewe John Bayley, inamwonyesha ama kijana anayependwa ama bibi anayepoteza kumbukumbu. Judi Dench ameigiza vizuri sana humo, na bado ukimaliza hujui mwanamke yule aliandika nini. Capote (2005) wameweka mauaji: familia moja iliyouawa Kansas mwaka 1959 na mwandishi anayesubiri wauaji wanyongwe ili kitabu chake kipate mwisho. Hiyo ni filamu kubwa, na Philip Seymour Hoffman alistahili Oscar yake. Lakini funzo lake linahusu tamaa na uaminifu, na mtu wa miaka 16 hawezi kujifunza humo namna hadithi inavyotungwa.

Kuna sababu ya pili ambayo watazamaji wengi hawaifikirii, nayo ni haki ya maandishi. Maneno ya mwandishi ni mali. Katika nchi nyingi yanalindwa kwa miaka 50 au 70 baada ya kifo chake, na muda wote huo warithi ndio wanaoruhusu au kukataa yatumike. John Keats alifariki Roma mwaka 1821, kwa hiyo Jane Campion alipotengeneza Bright Star (2009) hakukuwa na mtu wa kumwomba ruhusa, na mashairi yametapakaa filamu nzima. Mshairi Sylvia Plath alifariki mwaka 1963. Filamu ya Sylvia ilipotengenezwa mwaka 2003, binti yake Frieda Hughes alikataa kushirikiana na watengenezaji, na mashairi yanayosikika humo ni machache. Sasa mwondolee mshairi mashairi yake, utabaki na nini? Utabaki na ndoa iliyovunjika na kifo. Ndiyo maana filamu ile ina giza kuliko vitabu vya Plath mwenyewe, ambavyo vina hasira, mzaha na nguvu nyingi. Kwa hiyo ukiona filamu ya mwandishi wa karne iliyopita imejaa machozi na haina hata ukurasa mmoja wa maneno yake, usidhani maisha yake yalikuwa machozi matupu. Huenda ni mkataba tu uliokosekana.

Haya, na ukweli wa mambo ukoje? Siwezi kukuambia kwamba waandishi hawaumwi. Mwaka 1987 daktari wa akili Nancy Andreasen alichapisha utafiti wa waandishi 30 wa warsha ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa, akakuta sonona na magonjwa mengine ya hisia yamewapata zaidi kuliko watu aliowalinganisha nao. Ni utafiti mdogo na umebishaniwa, lakini takwimu kubwa za Sweden zilizokuja baadaye nazo ziliwaonyesha waandishi wakiwa katika hatari zaidi. Nalisema hili waziwazi kwa kuwa mzazi anastahili kulijua. Jambo lisilo na msingi ni lile ambalo filamu huliongeza juu yake, kwamba ugonjwa ndio unaoandika. Andreasen mwenyewe aliona kwamba waandishi wake walifanya kazi katika vipindi walivyokuwa wazima. Mtu aliyezama kwenye sonona hawezi kumaliza aya, sembuse riwaya.

Itazame pombe hivyohivyo. Picha ya mwandishi na chupa ilipata nguvu kubwa kwa The Lost Weekend (1945) ya Billy Wilder, iliyochukua Oscar nne, ikiwemo ya filamu bora. Watu huikumbuka kama filamu ya mwandishi mlevi, lakini ukiitazama kwa makini utaona Don Birnam, mwandishi wa kwenye filamu hiyo, haandiki chochote zaidi ya jina la kitabu. Hata mashine yake ya kuchapia anatangatanga nayo mitaani akitafuta pa kuiweka rehani apate pesa ya kinywaji. Na Charles Jackson, aliyeandika riwaya iliyozaa filamu hiyo, alikuwa ameacha pombe kwa miaka kadhaa alipoiandika. Kitabu maarufu kuliko vyote kuhusu mwandishi mlevi kimeandikwa na mtu aliyekuwa hanywi. Ningependa binti yako alijue jambo hilo kabla hajaiona filamu yenyewe.

Kuna filamu ya runinga inayoliweka suala hili wazi kuliko zote ninazozijua, na ipo kwa DVD: To Walk Invisible ya Sally Wainwright, iliyotengenezwa kwa ajili ya BBC mwaka 2016. Inahusu dada watatu wa ukoo wa Brontë na kaka yao Branwell. Familia nzima ilitegemea kwamba Branwell ndiye atakayekuwa mtu mkubwa. Yeye ndiye mwenye pombe, mwenye kasumba, mwenye madeni, mwenye kilio cha mapenzi. Ukimpima kwa kipimo cha filamu za kawaida, yeye ndiye msanii. Huku chini, baada ya kazi za nyumbani, dada zake wanaandika mezani. Mwaka 1846 walichapisha mashairi kwa majina ya kubuni ili wasijulikane kuwa ni wanawake, zikauzwa nakala mbili. Mwaka uliofuata zikatoka Jane Eyre, Wuthering Heights na Agnes Grey. Filamu haimdharau Branwell, inamhurumia, lakini haituambii hata kidogo kwamba maumivu yake yalikuwa kipaji. Hii mnunulie, mama, na muitazame pamoja. Ina matusi na mandhari machungu ya ulevi nyumbani, kwa hiyo uwe karibu.

Kabla sijaendelea na za kununua, niseme lililo zito zaidi. Mimi ni mtu wa filamu, si daktari. Kwa mtoto aliye sawa, filamu nzito iliyotazamwa na mtu mzima na kuzungumzwa baadaye hainitishi. Kwa mtoto ambaye tayari ana majonzi, kifo kilichopambwa kwa muziki na mwanga mzuri kinaweza kumkaa vibaya. Kwa hiyo mwangalie binti yako kuliko unavyoziangalia diski. Kuandika habari za kifo peke yake si dalili. Vijana wanaoandika huua wahusika wengi, ni sehemu ya kujifunza. Dalili ni kuacha kulala au kulala mchana kutwa, kuwakwepa rafiki aliokuwa nao, kuacha hata kuandika kwenyewe, kugawa vitu anavyovipenda, kusema kwamba afadhali asingekuwepo. Ukiona hayo, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Kisha mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha ana kwa ana, na akikuambia ana mpango wowote, iwe siku hiyohiyo na usimwache peke yake. Filamu zitasubiri.

Ikiwa hayo hayapo, usifiche kitu. Mtoto anayeandika ataziona hizi filamu siku moja, na ni heri azione akiwa ameshajua namna ya kuuliza lile swali letu. Ila mpangilio una maana.

Ya kwanza iwe Little Women ya Greta Gerwig (2019). Najua imeshatengenezwa mara nyingi, na kila toleo lina wapenzi wake, lakini hili ndilo linalokitazama kitendo cha kuandika kwa heshima kubwa zaidi. Inaanza na Jo March, msichana anayeandika, amesimama mbele ya mlango wa mchapishaji, vidole vina wino, akisema hadithi ni ya rafiki yake. Mchapishaji anafuta mistari mbele ya macho yake, anamlipa dola 20, na Jo anaondoka mbio barabarani kwa furaha. Baadaye kuna usiku anaandika darini kwa mshumaa. Kurasa zinatandazwa sakafuni, anazipanga upya, mkono unakufa ganzi, anahamishia kalamu mkono wa pili, anaendelea. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi na ninaisifu kwa sababu imekataa njia ya mkato: hapana chupa wala radi, ni kazi tu. Na mwishoni Jo anajadiliana bei. Mchapishaji anataka mhusika aolewe, Jo anakubali kwa masharti, lakini haki ya kitabu anabaki nayo yeye. Louisa May Alcott, aliyeandika riwaya iliyozaa filamu hii, naye kwa kweli alibaki na haki ya kitabu chake kilipotoka mwaka 1868, na uamuzi huo ulilisha familia yake. Sijui filamu nyingine inayomwambia msichana anayeandika, kwa uwazi namna hiyo, kwamba mkataba nao ni sehemu ya uandishi. Kuna kifo humo, cha Beth, mdogo wake Jo, na ni cha kuliza. Hakuna cha kuogopa zaidi ya hapo.

Ya pili iwe Paterson (2016) ya Jim Jarmusch. Dereva wa basi, jina lake Paterson, katika mji wa Paterson, New Jersey, anaandika mashairi kwenye daftari kabla ya kuwasha gari. Tunamfuata wiki moja. Anampenda mkewe, anamtembeza mbwa, anakunywa bia moja jioni, analala. Mashairi yanajiandika kwenye skrini neno kwa neno huku yeye akiyatafuta, na mengi yake ni ya mshairi Ron Padgett. Hapa hawakuweka kitu kingine mahali pa uandishi. Wameuacha ukae wenyewe, na ndiyo maana wengine husema filamu haina tukio. Tukio lipo: mkewe anamsihi atoe nakala ya daftari, yeye anachelewa, na mbwa analitafuna. Mwambie binti yako aitazame halafu ahifadhi riwaya yake mahali pawili. Marekani waliipa alama ya R, yaani aliye chini ya miaka 17 aitazame na mtu mzima, kwa sababu ya maneno machache makali tu.

Finding Forrester (2000) itamgusa kwa umri, maana Jamal, kijana wa Bronx anayeandika kwa siri, naye ana miaka 16. Mwandishi mzee aliyejifungia ndani anamkalisha mbele ya mashine ya kuchapia, anampa ukurasa wake wa zamani aanze kuunakili mpaka maneno yake mwenyewe yaanze kuja. Ni mbinu ya kweli na inafanya kazi. Mzee Forrester ni wa kubuni, na mwisho wa filamu, ule wa ukumbini, umetiwa sukari nyingi mno, lakini darasa la kwenye mashine ni zuri.

Kisha kuna moja ambayo ningeisafiria mbali kuipata, An Angel at My Table (1990) ya Jane Campion, kuhusu Janet Frame wa New Zealand. Iliandaliwa kwanza kama tamthilia ya runinga ya sehemu tatu, na urefu huo unaonekana: ni zaidi ya saa mbili na nusu, na hakuna haraka. Binti maskini mwenye nywele nyekundu zilizotimka, mwenye aibu isiyo na kifani, anapenda vitabu. Akiwa kijana anaambiwa ana skizofrenia, anapoteza karibu miaka minane kwenye hospitali za wagonjwa wa akili, anapigwa shoti za umeme, na anawekwa kwenye orodha ya kufanyiwa upasuaji wa ubongo. Kilichomwokoa ni kitabu chake cha kwanza cha hadithi fupi kupata tuzo. Daktari alisoma habari hiyo akaufuta upasuaji. Baadaye, akiwa London, madaktari walimwambia hakuwahi kuwa na ugonjwa ule. Hebu ipime kwa lile swali letu. Ugonjwa umo, tena mwingi, lakini filamu inauonyesha kama kosa walilomfanyia wengine, na uandishi kama sehemu pekee aliyokuwa mzima. Inakipindua kichwa chini miguu juu kile ambacho filamu nyingine zote zinakidai. Ina mandhari ya hospitali yanayotisha na kuna utupu kidogo, kwa hiyo iwe baada ya hizo tatu, nawe uwe umekaa kando yake. Toleo la Criterion, kampuni inayotoa filamu teule kwa diski, lina vipande vya mahojiano ambamo sauti ya Janet Frame mwenyewe inasikika, na hilo pekee linatosha kukufanya uchague diski badala ya kuitiririsha mtandaoni.

Bright Star niliyoitaja ni salama kabisa kwa umri wake, na ni ya huzuni. Diski ikifika mwisho usiizime: majina yanapopanda, Ben Whishaw, aliyemwigiza Keats, anasoma shairi zima la Keats kuhusu ndege, na wengi wanalikosa kwa kuwahi rimoti. Vivyo hivyo kwa Saving Mr. Banks (2013), kuhusu P. L. Travers, mwandishi wa Mary Poppins, na studio ya Disney iliyotaka hadithi yake. Filamu imemlainisha, inamwonyesha akilia kwa kuguswa, wakati Travers wa kweli hakuipenda filamu waliyoitengeneza. Lakini kwenye majina ya mwisho wameweka kanda halisi ya sauti yake ya mwaka 1961 akiwakatalia waandishi wa studio jambo baada ya jambo. Dakika zile chache zina ukweli kuliko saa mbili zilizotangulia.

Usisahau filamu za hali halisi, maana humo mwandishi anaonekana mwenyewe. I Am Not Your Negro (2016) ya Raoul Peck imejengwa kwa maneno ya James Baldwin, ikianzia kwenye kurasa kama 30 za kitabu ambacho hakukimaliza, kuhusu rafiki zake watatu waliouawa: Medgar Evers, Malcolm X na Martin Luther King. Toni Morrison: The Pieces I Am ilitoka mwaka 2019, miezi michache kabla Morrison hajafariki, na yeye mwenyewe anaongea akitazama kamera. Sembene! (2015) inamhusu Ousmane Sembène wa Senegal, aliyekuwa kuli bandarini Marseille, Ufaransa, akaandika riwaya, kisha akageukia filamu ili awafikie watu wake wasiosoma. Ngũgĩ wa Thiong'o naye, pamoja na Manthia Diawara, walikuwa wameshatengeneza filamu kuhusu Sembène mwaka 1994. Binti yako akiwaona watu hawa wakicheka, wakibishana na kufikiri kwa sauti, ile sura ya mwandishi aliyekunjamana gizani itapungua nguvu yenyewe.

Kwenye tamthilia ndefu sina mengi. Murder, She Wrote (1984 hadi 1996) ina misimu 12 na vipindi 264, yote ipo kwa DVD, na Jessica Fletcher ni mwandishi mjane, mwalimu mstaafu, mchangamfu, anayepanda baiskeli. Kuandika kwake hakuonekani sana zaidi ya mashine ya mwanzoni mwa kipindi, lakini kama burudani ya jioni ni nzuri. Hemingway (2021) ya Ken Burns na Lynn Novick, sehemu tatu, karibu saa sita, ni ya wakati ule atakapokuwa ametimiza miaka 18 au karibu na hapo. Mwisho wake unajulikana, alijiua mwaka 1961. Tofauti na filamu za kuigiza, hii inaeleza kilichotangulia: baba aliyejiua kabla yake, majeraha ya kichwa yaliyorudiwarudiwa, pombe ya miaka mingi. Inauondolea msiba ule urembo. The Hours (2002), Sylvia, Mishima (1985) na Leaving Las Vegas (1995) ziweke kwako kwanza. Sisemi ni mbaya. Mishima ni kati ya filamu bora nilizowahi kuziona kuhusu mwandishi yeyote. Lakini zote zinakipa kifo uzuri, na hilo linahitaji mtazamaji aliyekomaa.

Sasa diski. Ile iliyokataliwa si mbovu. Wasambazaji waliigawa dunia katika kanda ili filamu iuzwe kwa nyakati na bei tofauti, na kila DVD na kila deki hubeba namba ya kanda yake. 1 ni Marekani na Kanada. 2 ni Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati na Afrika Kusini. 3 ni Asia ya Kusini Mashariki. 4 ni Amerika ya Kusini, Australia na New Zealand. 5 ni sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. 6 ni China. Namba hiyo iko nyuma ya kasha ndani ya alama ndogo ya tufe. Diski yenye 0 au neno la kuonyesha kanda zote inakubalika popote. Blu-ray ina herufi tatu tu, A, B na C, na diski za 4K kwa kawaida hazina kizuizi hiki. Deki nyingi za DVD zinaweza kufunguliwa zisome kanda zote. Fundi anayezijua aina hizo atakufanyia mbele yako. Angalizo: kiendeshi cha DVD cha kompyuta kinaruhusu kubadilisha kanda mara tano tu, kisha kinabaki palepale, hivyo usijaribujaribu huko. Na kama deki inakataa hata diski zilizokuwa zikicheza zamani, hapo tatizo si kanda, huenda lenzi imechafuka, nalo pia ni la fundi.

Dakika tano zako hazijakatwa. Filamu ya sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa runinga wa PAL, uliotumika Ulaya na sehemu nyingi za dunia, huonyesha picha 25 kwa sekunde, na ili kurahisisha kazi filamu huchezeshwa haraka kidogo. Chukua 123, zidisha kwa 24, gawanya kwa 25: unapata 118. Kila picha imo. Kilichobadilika ni kasi kwa asilimia nne, na sauti za waigizaji zimepanda kidogo sana, jambo ambalo wengi hawalisikii. Filamu za sinema zilizo kwenye Blu-ray kwa kawaida huchezwa kwa kasi yake ya asili. Tamthilia za runinga za Uingereza hazina shida hii kwenye DVD za kwao, maana zilirekodiwa kwa 25 tangu mwanzo. Tofauti ya kukutilia shaka ni ile isiyolingana na hesabu hii, mathalani filamu ya dakika 123 iliyoandikwa 100.

Geuza pia diski uangalie tumbo lake. Iliyochapwa kiwandani hung'aa rangi ya fedha; iliyochomwa kwenye kompyuta mara nyingi ina zambarau au bluu, na wino wake huchuja kadiri miaka inavyopita. Kwa zawadi ya kudumu nunua ya kiwandani. Hata iliyokwisha kutumika, ikiwa bado nzima, ni bora kuliko mpya ya kuchoma. Na kabla ya kulipa, soma nyuma ya kasha kama kuna manukuu kwa lugha mnayoielewa, hasa kwa filamu zenye lafudhi nzito kama ile ya akina Brontë.

Kwa mwalimu, mwambie ukweli kwamba diski ya nyumbani inauzwa kwa kutazamwa nyumbani. Kuionyesha shuleni kunaruhusiwa na sheria katika nchi nyingine kama ni sehemu ya somo, na kwingine kunahitaji kibali cha msambazaji, na klabu ya baada ya masomo mara nyingi haihesabiwi kuwa somo. Hilo si lako kulibeba. Uongozi wa shule ndio uulize kwa ofisi ya hakimiliki au kwa msambazaji mwenyewe. Wakishapata jibu zuri, azima Little Women au Finding Forrester. I Am Not Your Negro ingefaa pia, ila mwalimu aitazame kwanza peke yake, kwa sababu ina picha halisi za watu walionyongwa, na wanafunzi waambiwe mapema.